Shajara ya mradi: njia zilizoipitisha imani ya Kikristo katika sheria ya Uingereza

13 Januari

Mradi huu unakusudia kutoa kijitabu cha Kiswahili kitakachowaeleza wanafunzi wa sheria, wasaidizi wa kisheria na wasomaji wengine jinsi fikra za Kikristo zilivyoingia katika sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za majaji tangu enzi za Mfalme Henry II katika karne ya 12. Jambo hili linatugusa sisi wenyewe. Mahakama za Tanzania Bara zinaruhusiwa kutumia misingi ya sheria hiyo, pamoja na kanuni za usawa (zile zilizokuzwa na mahakama ya Chansela kwa msingi wa dhamiri) na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo sheria za nchi ziko kimya na mazingira yetu yanaruhusu. Kwa Kenya tarehe hiyo ni 12 Agosti 1897, na kwa Uganda ilikuwa 11 Agosti 1902. Kwa hiyo wakili wa Arusha au Kisumu anayetaja mbele ya jaji hukumu ya kale ya London anatumia urithi ambao sehemu yake ilifinyangwa na maaskofu.

Nimejiwekea sharti moja: dai lolote halitaingia kijitabuni mpaka nionyeshe njia lililopitia, yaani nani alilibeba wazo, katika mwaka gani, na likatua katika kanuni ipi ya mahakama. Nimelazimika kufanya hivyo kwa sababu mjadala wa jambo hili umejaa maneno ya jumla. Wapo wanaosema sheria yote ya Kiingereza ni Amri Kumi zilizovishwa wigi, na wapo wanaosema dini ilikuwa pambo tu, na pande zote mbili hazipendi kuulizwa tarehe.

Sharti hilo limekwishaanza kukata. Mwishoni mwa karne ya 9 Mfalme Alfred wa Wessex alitanguliza katika kitabu chake cha sheria tafsiri ndefu kutoka kitabu cha Kutoka, kuanzia Amri Kumi na kuendelea, na wengi hukimbilia hapo kutafuta ushahidi. Lakini majaji wa Henry II, karne tatu baadaye, hawakuamua mashauri kwa kitabu cha Alfred. Waliongozwa na hati za mfalme wao na desturi za mahakama yake. Alfred atapata aya moja.

2 Februari

Rasimu ya sura ya kwanza imekamilika. Inahusu namna ya kuthibitisha kosa, na nimeipa nafasi kubwa kwa kuwa hapa njia iliyopitiwa inaonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Sheria ya Clarendon ya mwaka 1166 iliwataka watu 12 wa kila tarafa na wanne wa kila kijiji wawataje kwa kiapo wote walioshukiwa kuwa wauaji, wanyang'anyi au wezi, na waliotajwa walipelekwa kwenye jaribio la maji. Pengine jaribio lilikuwa la moto. Mshtakiwa alifunga chakula, akahudhuria misa, kisha akabeba mkononi chuma chenye moto kwa mwendo wa futi tisa. Mkono ulizungushiwa kitambaa na kutiwa muhuri, ukafunguliwa siku ya tatu: kidonda kikiwa safi aliachiwa, kikiwa na usaha alihesabiwa mkosaji. Kwenye maji alifungwa kamba na kushushwa katika shimo la maji yaliyobarikiwa; akizama alikuwa msafi na akavutwa nje, akielea ilisemekana maji yamemkataa. Padri alihitajika kila hatua, kwa kuwa bila baraka zake chuma kilikuwa chuma tu na maji yalikuwa maji tu.

Pingamizi lilitoka darasani. Huko Paris, mwalimu wa teolojia Petrus Cantor, aliyefariki mwaka 1197, alifundisha kwamba kumtaka Mungu atende muujiza kila mwizi anaposhtakiwa ni kuvunja neno la Maandiko lisemalo, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Papa Innocent III alisoma teolojia katika mji huohuo, na alipoitisha Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, mwezi Novemba 1215, kanuni ya 18 iliwakataza makleri kubariki majaribio ya maji ya moto, maji baridi au chuma cha moto. Padri alipoondoka, jaribio lilibaki bila maana.

Tunayo barua ya tarehe 26 Januari 1219 iliyotumwa kwa majaji wa Uingereza waliokuwa wakizunguka mikoani, kwa jina la Henry III ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 11. Kati ya hati zote za mradi huu, hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Inasema kwamba haijaamuliwa bado washtakiwa wahukumiwe kwa njia gani, maadamu Kanisa la Roma limekataza moto na maji. Kwa muda huo, wanaoshukiwa makosa makubwa wawekwe gerezani bila kuhatarishiwa uhai wala viungo, wa makosa ya kati waape kuihama nchi, na wa makosa madogo watoe dhamana ya kutunza amani. Mengine majaji wafanye kwa busara na dhamiri zao. Ni nadra kuiona serikali ikiandika bayana kwamba haina jibu.

Jibu lililopatikana ni kuwauliza majirani. Watu wa tarafa waliokuwa wakitaja washukiwa kwa kiapo wakaanza kuulizwa pia kama mtu huyu ametenda au hakutenda, na hivyo juri la mashauri ya jinai likazaliwa katika miaka iliyofuata. Kwa kuwa hukumu ya majirani haikuwa hukumu ya Mungu, iliaminiwa kwamba mshtakiwa lazima aikubali kwanza. Sheria ya Westminster ya mwaka 1275 iliagiza asiyekubali afungwe katika gereza kali, na baadaye ukali huo ukageuka kuwa kumlaza mtu chini na kumrundikia mawe na vyuma mpaka ajibu au afe. Margaret Clitherow wa York, Mkatoliki aliyeshtakiwa kwa kuwaficha mapadri, alikataa kujibu mashtaka na akauawa kwa namna hiyo mwaka 1586. Utaratibu huo haukufutwa mpaka mwaka 1772.

Ninachokisisitiza katika sura hii ni kwamba Kanisa halikubuni juri. Katazo lilelile, likishuka katika nchi za bara la Ulaya, lilisaidia kuleta mfumo mwingine kabisa, ambamo jaji alichunguza mwenyewe na kutaka mashahidi wawili au ungamo la mshtakiwa, na ungamo hilo likaanza kutafutwa kwa mateso. Teolojia iliacha pengo, na kila nchi ikaliziba kwa kilichokuwa karibu na mkono wake.

20 Februari

Padre mmoja mwenye utaalamu wa sheria za Kanisa ameisoma rasimu na kuniambia kwamba, kwa jinsi ilivyo, msomaji ataliona Kanisa kama mtu aliyesimama nje ya mahakama akipiga marufuku. Ameniomba nionyeshe waliokuwa ndani. Ni ombi la haki, na limezaa sura ya pili.

Majaji wakubwa wa nusu ya kwanza ya karne ya 13 walikuwa makleri. Martin wa Pattishall alikuwa mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. William Raleigh alikuja kuwa Askofu wa Winchester. Henry de Bracton, aliyefariki mwaka 1268 na kuzikwa katika Kanisa Kuu la Exeter, ndiye ambaye jina lake limebaki katika kitabu kikuu cha sheria cha karne hiyo. Humo ndimo mnamosemwa kwamba mfalme hapaswi kuwa chini ya mtu, bali chini ya Mungu na chini ya sheria, kwa kuwa sheria ndiyo inayomfanya kuwa mfalme. Maneno hayo hunukuliwa sana, lakini hoja inayoyafuata husahauliwa: kitabu kinasema Kristo, aliyekuwa na njia nyingi za kumkomboa mwanadamu, alichagua kuvunja kazi ya shetani kwa njia ya haki na si kwa nguvu, na kwamba Bikira Maria naye alijiweka chini ya maagizo ya sheria ingawa hakulazimika. Mfalme basi afanye vivyo hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 17 jaji Edward Coke alimnukulia James I kauli ya Bracton alipokuwa akimzuia mfalme huyo asiamue kesi yeye mwenyewe, na kutoka hapo kauli hiyo ikaendelea kuishi peke yake, bila Kristo na bila Maria.

Sura hiyohiyo inabeba pia kisa cha kinyume, ili msomaji asidhani kila kleri alikuwa bomba la mafundisho ya Roma. Kwa sheria za Kanisa, mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa alihesabiwa wa halali wazazi wake walipooana. Mwaka 1236, kwenye baraza la Merton, maaskofu walitaka sheria ya nchi ifuate kanuni hiyo katika urithi wa ardhi, na Robert Grosseteste, Askofu wa Lincoln, alimwandikia Raleigh barua ndefu ya kumshawishi kwa Maandiko na hoja. Mabwana wote wakajibu kwa sauti moja kwamba hawataki kuzibadili sheria za Uingereza. Raleigh, kleri na askofu wa baadaye, alishikilia msimamo wa mahakama ya mfalme. Kanuni ambayo Kanisa lilikuwa nayo tangu karne ya 12 iliingia katika sheria ya Uingereza mwaka 1926.

15 Machi

Sura ya tatu, inayohusu mahakama ya Chansela, imekuwa nene kuliko zote, na nimeamua kuiacha hivyo.

Mahakama za kawaida zilikuwa zimejifunga kwenye aina za hati za kufungulia shauri zilizokuwapo. Aliyekosa hati inayolingana na dai lake, au aliyemkabidhi rafiki ardhi kwa neno la mdomo, alitoka mikono mitupu. Watu wa namna hiyo walipeleka maombi kwa Chansela, ofisa mkuu wa mfalme aliyetunza muhuri wake, wakimsihi awasaidie kwa ajili ya Mungu na kwa njia ya upendo, na Chansela wa zama hizo kwa kawaida alikuwa askofu. Alimwita mlalamikiwa, akamwapisha na kumhoji yeye mwenyewe, jambo ambalo mahakama za kawaida hazikulifanya, kwa kuwa shabaha ilikuwa dhamiri ya mtu huyo. Ni kazi ambayo askofu aliijua tangu kwenye kiti cha kitubio.

Nimechagua shauri moja la mwaka 1489 lionekane kwa ukaribu. Marehemu aliwaachia wasimamizi wawili mirathi yake, na mmoja wao, bila ridhaa ya mwenzake, akamsamehe mdeni wa marehemu. Ikajengwa hoja kwamba sheria inampa kila msimamizi mamlaka kamili, hivyo deni limekwisha na hakuna la kufanya. Chansela John Morton, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akajibu kwamba kila sheria inapaswa kupatana na sheria ya Mungu, na kwamba yeye anajua vema kuwa msimamizi anayetapanya mali ya marehemu kwa hila bila kuirudisha atalaaniwa motoni. Kulitafutia tiba jambo hilo, akasema, ni kufuata dhamiri. Hapo jehanamu imetajwa kama hoja ya kisheria, na imetosha. Yeyote aliyekaa kwenye kikao cha ukoo akimsikiliza msimamizi wa mirathi akieleza fedha za marehemu zilivyokwisha atamwelewa Morton bila mkalimani.

Dhamiri hiyo ya askofu ilipitaje kwenda kwa wanasheria wasio makleri? Njia yake inapatikana. Mwaka 1523 mwanasheria Christopher St German alichapisha mazungumzo kati ya daktari wa teolojia na mwanafunzi wa sheria za Uingereza, ambamo mafundisho ya wanateolojia kuhusu dhamiri na upole wa sheria yaliwekwa katika lugha ambayo mawakili waliweza kuitumia. Miaka sita baadaye Kadinali Wolsey aliondolewa katika uchansela, Thomas More asiyekuwa kleri akashika nafasi, na ofisi hiyo ikaelekea kuwa ya wanasheria. Bado mwaka 1615, katika kesi ya Earl wa Oxford, Chansela Ellesmere alianza kwa kusema kwamba sheria ya Mungu inasema kwa ajili ya mdai, akataja Kumbukumbu la Torati sura ya 28, na akaeleza kuwa kazi ya Chansela ni kurekebisha dhamiri za watu kwa udanganyifu, uvunjaji wa amana na uonevu. Mgogoro wake na Coke, jaji wa mahakama za kawaida, kuhusu kama Chansela anaweza kuingilia hukumu za mahakama hizo ulimfikia mfalme, na mwaka 1616 James I akaamua upande wa Chansela.

Amana yenyewe ina historia inayostahili kijitabu chake. Wafransisko walifika Uingereza mwaka 1224 wakiwa na nadhiri ya kutomiliki kitu, lakini walihitaji pa kulala. Basi waumini waliukabidhi mji ardhi na nyumba ili watawa wazitumie. Mmiliki mmoja, mfaidi mwingine. Desturi hiyo haikuwa ya Wafransisko peke yao, na ilienea kwa sababu nyingi zisizo takatifu, zikiwemo za kukwepa haki za bwana wa ardhi, lakini watawa hawa ni miongoni mwa mifano ya awali iliyo wazi. Wako wanazuoni waliodai kwamba Wafransisko waliiona wakfu ya Kiislamu katika safari zao Mashariki na kuileta Ulaya. Msomaji wa Mombasa au Unguja atavutiwa mara moja, na mfanano upo kweli, lakini kwa sharti langu bado sijaona mtu wala hati iliyobeba wazo hilo, kwa hiyo nimeliweka kama dhana ya wanazuoni na si zaidi. Kilicho hakika ni kwamba leo makanisa na taasisi za Kiislamu za Tanzania humiliki viwanja vyake kwa njia ileile ya bodi za wadhamini waliosajiliwa.

8 Aprili

Sura ya nia ovu ni fupi. Mtakatifu Augustino, akihubiri juu ya kiapo cha uongo, alisema ulimi hauwi na hatia isipokuwa moyo una hatia. Mkusanyiko wa sheria wa Uingereza wa mwanzoni mwa karne ya 12, unaoitwa kwa jina la Henry I, uliyachukua maneno hayo ukizungumzia kiapo hichohicho cha uongo, na kufikia wakati wa Coke, ambaye kitabu chake cha makosa ya jinai kilitoka mwaka 1644, yalikuwa yamepanuliwa kuwa kanuni ya makosa kwa jumla: tendo halimfanyi mtu kuwa mkosaji isipokuwa nia yake ni ovu. Kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachodai dhamira ovu ili mauaji yawe ya kukusudia, kiko mwishoni mwa barabara hiyo. Sikuona haja ya kurefusha.

29 Aprili

Nimeitoa katika rasimu kauli ya jaji Matthew Hale katika kesi ya Taylor ya mwaka 1676, kwamba Ukristo ni sehemu ya sheria za Uingereza, nikaihamishia kwenye utangulizi kama mfano wa dai lililo kubwa kuliko ushahidi wake. Ilisemwa dhidi ya mtu aliyemtukana Kristo, ikatumika kuwafunga wengine waliokufuru, na mwaka 1917 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa, likaikataa katika kesi ya Bowman dhidi ya jumuiya ya watu wasio na dini. Haikuzaa kanuni yoyote ya mikataba, ardhi au madhara.

Nafasi yake imechukuliwa na kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Mnamo Agosti 1928, katika mgahawa wa Paisley huko Scotland, May Donoghue alikunywa bia ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki yake, na ilipomiminwa iliyobaki yakatoka mabaki ya konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na mtengenezaji. Mwaka 1932 Malodi watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba mtengenezaji anaweza kuwajibika, na Lord Atkin akaeleza kwamba agizo la kumpenda jirani linakuwa, kisheria, agizo la kutomdhuru jirani, na kwamba swali la mwanasheria, "Jirani yangu ni nani?", hupewa jibu finyu. Swali hilo ni la Luka 10, lililoulizwa na mwanasheria mbele ya Yesu. Atkin alilijua vema, na aliendelea kwa kulipunguza: jirani ni yule ambaye ningepaswa kumfikiria kwamba tendo langu litamgusa kwa karibu. Msamaria angesimama barabarani kwa mtu asiyemjeruhi yeye; sheria ya Atkin haimlazimishi kusimama. Nadhani upungufu huo unafundisha mengi kuliko mfanano, na nimeandika sura hiyo kwa kuufuata.

20 Mei

Sura ya ndoa imenichukua muda kwa sababu hapa wazo linavuka bahari. Mashauri ya ndoa na wosia yalikuwa chini ya mahakama za Kanisa la Uingereza mpaka mwaka 1857. Mahakama mpya ilipoanza kazi ilirithi mizani ileile, na mwaka 1866, katika kesi ya Hyde dhidi ya Hyde iliyohusu ndoa ya Wamormoni, dhehebu lililoruhusu mitala wakati huo, ilitamka kwamba ndoa, kama inavyoeleweka katika ulimwengu wa Kikristo, ni muungano wa hiari wa maisha kati ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja bila kuhusisha wengine. Mwaka 1917 mizani hiyo ilitumika Afrika Mashariki. Katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton wa himaya ya Waingereza iliyokuja kuwa Kenya aliamua kwamba mwanamke aliyeolewa kimila si mke kwa maana ya sheria ya ushahidi, hivyo hakuwa na kinga ya mke na angeweza kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Alichukua mitala na mahari kama sababu, na kuiita mila hiyo ununuzi wa mke.

Katika sura nyingine fikra za Kikristo zinamfunga mwenye nguvu: mfalme, msimamizi wa mirathi, mtengenezaji wa vinywaji. Katika kesi ya Amkeyo zimemnyima mwanamke jina la mke mbele ya jaji. Nimeliandika hilo bila kulilainisha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilichukua maneno ya Hyde katika kifungu cha 9, muungano wa hiari uliokusudiwa kudumu kwa maisha, lakini ikayahifadhi maneno ya kutohusisha wengine kwa ajili ya ndoa ya mke mmoja tu, kisha ikaitambua ndoa ya wake wengi kando yake.

10 Juni

Imebaki sura ya kiapo. Coke, katika kesi ya Calvin ya mwaka 1608, aliwaita wasio Wakristo maadui wa kudumu, na kwa mtazamo huo ushahidi wao haukuwa na kiapo cha kuushika. Mwaka 1744, katika kesi ya Omychund dhidi ya Barker, Chansela Hardwicke alikubali ushahidi uliotolewa Calcutta na mashahidi wa Kihindu walioapa kwa desturi za dini yao, kwa hoja kwamba kinachotakiwa ni shahidi kuamini kuwa Mungu yupo na huadhibu uongo. Nimeshapata hoja za mawakili wa pande zote mbili, na rasimu itajikita hapo. Mwaka 1888, sheria ya Bunge ilipomruhusu asiye na dini kuthibitisha bila kuapa, ndio mwisho wa sura.

Baada ya hapo kazi iliyosalia ni kupanga faharasa ya kesi kwa mwaka, kuirudisha sura ya Chansela kwa Padre aikague upande wa sheria za Kanisa, na kumpa wakili mmoja wa mashauri ya ardhi sehemu ya amana, kwa kuwa yeye huzisoma hati za wadhamini kila wiki.